Hewa Kwanza, Ziwa Baadaye

Kwa miaka mingi mshahara wangu niliupata kwa kuwauliza watu wazima kama wamejamba. Ninyi mabinti watatu mliopanga vyumba vyangu vya uani hapa Mwembesongo mnacheka, lakini mkimaliza chuo mtavaa sare na kwenda kuuliza hivyo hivyo. Mtauliza kwa adabu, "Mama, umeshatoa hewa?", faili mkononi, na mama atageukia ukutani kwa aibu. Aliyepasuliwa tumbo, utumbo wake hulala, na ukiamka hutoa taarifa. Hakuna zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba sisi taarifa ile tuliifanya sheria, na sheria ile tukawawekea hata watoto wachanga ambao hawakupasuliwa popote.

Mmeniomba niwaandikie yale yasiyomo kwenye vitabu vyenu vya ukunga. Haya, daftari hili hapa. Mwandiko ni wa nesi mstaafu, mkishindwa kuusoma mje mniulize jikoni, na mje na mkaa. Sitafuata mpangilio wa miaka kwa sababu hata mimi siukumbuki. Ninachokumbuka ni watu, matiti yao na makosa yangu.

Nianze na mke wa shehe mmoja. Alikuwa mwanamke wa haya kweli kweli, amezaa kwa upasuaji, na pembeni ya kitanda ameketi mama mkwe wake na tasbihi. Nikauliza asubuhi, hajatoa hewa. Mchana, bado. Jioni, bado. Kitanda cha jirani wanakunywa uji wa pilipili manga, yeye anafumba macho asiuone. Kesho yake mama mkwe alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, yule mama akanivuta mkono wa gauni. Akaniambia ametoa tangu jana asubuhi, tena mara nyingi tu, lakini hakuweza kusema mbele ya mama mkwe. Mtu alifunga siku moja na nusu kwa ajili ya heshima. Tulikwenda kucheka chumba cha wauguzi mpaka mmoja wetu akamwaga chai.

Hakuna aliyeuliza mtoto alikula nini siku moja na nusu ile. Alikula maji ya glukosi kwa kikombe, kutoka mkononi mwangu. Alilala sana, na sisi tukamsifu kuwa ni mtoto mtulivu.

Sasa sikilizeni somo, maana najua mnataka somo. Mtoto aliyepita njia ya kawaida, mama akiwa mzima, ukimweka kifuani pa mama bila nguo, utashangaa. Atatulia kidogo, ataramba mikono, ataanza kusukuma miguu akijikokota, na usipomharakisha ataliona ziwa mwenyewe. Uchungu wa kuzaa wenyewe umeshauambia mwili kwamba mtu anakuja, na kondo la nyuma likitoka mwili unajua kuwa sasa kazi ya maziwa imeanza. Aliyepasuliwa naye kondo lake hutoka, kwa hiyo msije mkamwambia mtu kuwa kisu kinazuia maziwa. Hakizuii. Mara nyingi huyachelewesha tu, siku moja hivi, pengine mbili, hasa kama alipasuliwa kabla uchungu haujaanza. Mama ana maumivu, hawezi kujigeuza, ana dripu mkono mmoja na mpira wa mkojo huku chini. Maji yote ya dripu yanaingia hadi kwenye matiti, yanavimba na kukaza, chuchu inazama, na mtoto anateleza kila akishika. Mtoto naye anaweza kuwa na usingizi, hasa mama akipigwa nusu kaputi. Kwa hiyo huyu ndiye anayehitaji kuwekewa mtoto mapema kuliko wote, na sisi huyu ndiye tuliyemcheleweshea kuliko wote. Ukitaka kuona akili za wasomi, ndizo hizo.

Wala msije mkaamini kwamba aliyezaa kawaida amemaliza shida. Nimewaona waliosukuma siku nzima mpaka wakashindwa hata kushika kijiko. Nimewaona watoto waliovutwa kwa vakyumu, kichwa kimevimba upande mmoja, ukimlaza upande huo anapiga kelele na watu wanasema mtoto amelikataa ziwa la kushoto, kuna jambo. Jambo ni kwamba kichwa kinamuuma. Mgeuze. Mlaze upande mwingine, ziwa ni lile lile. Bibi mmoja alikuwa ameshamwita mtaalamu wa mitishamba kwa ajili ya ziwa la kushoto, na mtaalamu alipofika getini mtoto alikuwa ameshiba, analala. Akaomba nauli.

Aliyenifundisha kazi hii ni Sista Felista. Alikuwa mfupi, mnene, anayetembea kwa hatua ndogo za haraka, na wodi nzima ilimjua kwa mlio wa viatu. Hakuwa na mwanasesere wa kufundishia, hivyo alijaza pamba kwenye soksi ya mumewe, akaifunga fundo la chuchu, akaishona kwa uzi mwekundu. Soksi ile ilisomesha wakunga wengi kuliko maprofesa. "Mlete mtoto kwenye ziwa, usipeleke ziwa kwa mtoto," ndiyo ilikuwa kauli yake, na ukikosea alikupiga na soksi. Alitufundisha kusikiliza mtoto akimeza badala ya kutazama anavyotafuna. Alitufundisha kuwa mama anayeinamia mtoto ataumwa mgongo na mama aliyeumwa mgongo hunyonyesha kwa hasira. Yote hayo ni kweli hadi leo.

Na alitufundisha sheria ya hewa. Mama wa upasuaji asile, asinywe, na asinyonyeshe mpaka atoe hewa, kwa sababu tumbo lililofungwa haliwezi kutengeneza maziwa, na maziwa yatakayotoka yana dawa za thieta. Nani alimwambia, sijui. Labda naye alipigwa na soksi ya mtu. Alinifundisha mengi ya kweli na moja la uongo, na lile la uongo ndilo nililolishika kwa nguvu zaidi, kwa sababu lilikuwa rahisi kulisimamia. Uliza swali moja, andika ndiyo au hapana, nenda kitanda cha pili.

Baadaye ikaja semina. Mnazijua semina, mtu anakula wali kuku na kurudi na kalamu. Akasimama kijana mmoja daktari, shingo nyembamba, akasema kutoa hewa hakuhusiani kabisa na matiti, kwamba mama aliyechomwa ganzi ya mgongo anaweza kunyonyesha akiwa bado thieta, na aliyepigwa nusu kaputi anyonyeshe mara tu anapozinduka na kujua jina lake. Nilimtazama nikasema moyoni, mtoto huyu hajawahi hata kumkanda mzazi. Nikala kuku wangu. Nikarudi wodini na kalamu, nikaendelea kuuliza habari za upepo.

Sasa nitawaambia jambo ambalo halichekeshi, na nitalisema mara moja. Muda mfupi baada ya semina ile kulikuwa na mama kutoka milimani, kapasuliwa, kakaa siku mbili bila kutoa hewa, na nilimnyima mtoto siku hizo mbili. Maziwa yake yakagoma. Wakaondoka na mtoto na chupa ya maji ya glukosi niliyowachanganyia mwenyewe na kuwaelekeza namna ya kuchanganya. Baada ya majuma machache alirudi na mumewe bila mtoto. Walikuwa wamenibebea mkungu wa ndizi kunishukuru kwa jinsi nilivyowahudumia vizuri. Nilipokea, nikasema poleni, nikazila zile ndizi kwa sababu sikujua zitupwe wapi. Nilijiambia ni maji ya mtoni, ni umbali, ni kudra. Nililala usingizi wangu kama kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Basi akaja Asia.

Asia alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mshona nguo, kaolewa huku mjini lakini kwao ni Matombo. Hapo lazima niwaeleze ninyi mnaotoka mikoa mingine. Matombo kwa Kiluguru ni matiti. Wazee waliviona vilima vyao wakavipa jina bila kuzunguka. Kwa hiyo mwanamke wa Matombo akikosa maziwa hutaniwa na kijiji kizima. Pia mjue kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analeta kuni na anashukuriwa, lakini mtoto akiwa na shida, anayeamua ni upande wa mama. Na upande wa mama wa Asia ulikuwa umefika na kikapu, mkeka na chupa ya chai, jina lake Bi Tausi.

Bi Tausi alikuwa mama mzazi wa Asia, mkavu, mrefu, ameshazaa saba, wote nyumbani, wote kwa magoti, na hakuona sababu ya mtu kuzaa akiwa amelala chali na taa usoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama mikono yangu. Alipotaka kunisema alisema Kiluguru, akidhani mimi ni mtu wa pwani kwa sababu ya jina langu. Nilinyamaza. Mama yangu ni Mluguru wa Kinole, kila neno nilikuwa nalipata. Siku ya kwanza niliitwa mwembamba, siku ya pili niliitwa mwizi.

Aliniita mwizi kwa sababu mtoto alikuwa kwangu. Asia alipasuliwa Jumanne mchana baada ya mtoto kutanguliza mkono. Ganzi ya mgongo, mama macho wazi, mtoto wa kike akalia vizuri sana. Asia akanyoosha mkono kumwomba. Nikamwonyesha uso tu, nikamfunga, nikampeleka chumba cha joto na kumpa maji ya glukosi. Jumanne haikutoka hewa. Jumatano haikutoka. Bi Tausi akaja mlangoni mara nne kuomba mtoto akanyonye, na mara nne nikamjibu kwa sauti ile ya kiofisi, kwamba mama bado hajatoa hewa. Aliniuliza hewa ya mama inamhusu nini mjukuu wake. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilimwambia ni utaratibu. Mkikosa jibu, wanangu, na mkajisikia mnasema ni utaratibu, simameni hapo hapo mjichunguze.

Jumatano jioni nilimruhusu Bi Tausi ampakate mtoto, akae naye kitandani kwa Asia, lakini nikamwonya asinyonyeshwe. Bi Tausi alimpokea mtoto, akamfunika kanga, na tangu dakika ile hakumwachia tena mtu yeyote mwenye sare. Muuguzi akija kumpima joto, Bi Tausi alishika mtoto yeye na kumtaka muuguzi aingize kipimo kwa mbali. Hata msalani hakwenda usiku kucha, asije akamwacha mikononi mwetu.

Alhamisi alfajiri Asia akatoa hewa. Wodi ilisikia, na mama wa kitanda cha mlangoni akapiga kigelegele. Nikaandika ndiyo kwenye faili kwa furaha, nikaenda kuwaambia sasa ruksa, mtoto anyonye.

Mtoto hakunyonya. Matiti ya Asia yalikuwa yamejaa kwa usiku ule mmoja, yamekaza yanang'aa, chuchu imelala bapa. Mtoto alipewa akagusa, akateleza, akateleza tena, akalala. Tukamwamsha kwa kumsugua nyayo. Akalia kidogo, sauti nyembamba, akalala. Ilipofika saa nne niliangalia kitambaa chake cha nepi. Kilikuwa kikavu. Nikauliza mara ya mwisho kakojoa lini, Asia akasema jana jioni. Midomo ilikuwa imeanza kukauka. Nikakumbuka ndizi.

Mumewe Asia akaleta kopo la maziwa, kalishika kwa mikono miwili. Bi Tausi alilizungusha kusoma picha, akauliza ng'ombe mwenyewe yuko wapi na kala nini. Mkwe hakujua. Akamrudishia kopo lake kwa upole.

Kisha akamgeukia Asia na kusema Kiluguru, mbele yangu. Alisema kisu kimekata mishipa ya maziwa, ameona kwa macho yake, matiti yamevimba lakini hayatoi, ni damu imegandia humo. Asia abaki hapa na mshono wake. Mtoto ataondoka leo na gari la saa nane kwenda Matombo kwa dada yake Asia, ambaye ana mtoto wa miezi mitano na maziwa ya kumwaga. Asia akaanza kulia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kunavuta mshono. Akaniambia kwa Kiswahili, "Sista, mama anamchukua mwanangu. Niambie kweli, maziwa yangu yamekatwa?"

Hapo mambo yalikuwa mawili. Nimwite mlinzi wa getini, mtoto azuiwe kwa nguvu, au niseme kitu ambacho Bi Tausi atakiamini, wakati tangu Jumanne sikumwambia kitu hata kimoja cha kuaminika. Mtoto mwenye nepi kavu hafiki Matombo kwa gari la mazao kwenye barabara ile ya mvua. Na hata akifika, Asia huku atavimba, atakauka, maziwa yataisha kabla hajatolewa nyuzi. Nilitoka nje ya pazia kwenda kumwita mlinzi. Nasema kweli, nilikwenda kwa miguu yangu hadi mlangoni. Nikaona aibu, nikarudi.

Nilipovuta pazia nikakuta Bi Tausi amejifunika kanga gubigubi, amekaa kwenye mkeka, na chini ya kanga kuna sauti ya mtoto anayenyonya. Ilikuwa sauti kamili, ya kushika na kuvuta, ile ambayo Sista Felista alitufundisha kuisikiliza. Nikainua pembe ya kanga. Mjukuu alikuwa amelishika ziwa la bibi. Ziwa lenyewe lilikuwa refu, laini, limekauka tangu mtoto wa saba, halina hata tone, na mtoto analivuta kwa bidii ya ajabu, macho wazi.

Bi Tausi alinitazama akisubiri kukemewa. Mama wa kitanda cha mlangoni akasema, "Bibi, hilo nalo limepasuliwa lini?" na wodi ikaangua kicheko, hata Asia, ameshika mshono kwa mikono miwili akiomba watu wamwonee huruma wasimchekeshe. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nimeelewa. Mtoto anajua kunyonya. Anataka kunyonya. Ziwa la bibi anaweza kulishika kwa sababu ni laini, la mama yake hawezi kwa sababu limekaza. Tatizo lote lilikuwa hapo, kwenye ule weusi unaozunguka chuchu, na lilikuwa tatizo la vidole viwili.

Nikapiga magoti pale mkekani, nikamjibu Bi Tausi kwa Kiluguru. Niliomba aendelee kumnyonyesha hivyo hivyo, asimtoe, amshikie ile hamu isipotee. Alishtuka kama mtu aliyekuta mlango wake uko wazi. Nadhani alikuwa anahesabu siku tatu za maneno aliyokwisha kunisema. Lakini hakumtoa mtoto.

Nikaomba maji ya moto ya chupa yake ya chai, nikalowesha kitambaa, nikakikamua na kukijaribu ndani ya mkono wangu kwanza. Hilo mlijue, kitambaa kiwe cha vuguvugu kwa muda mfupi tu kabla ya kunyonyesha, siyo lile la kumuunguza mzazi tunalolipenda. Kisha nikaweka ncha za vidole kuzunguka chuchu ya Asia na kubonyeza taratibu kuelekea kifuani, nikishikilia, nikiachia, nikihamisha vidole. Mnausukuma ule uvimbe urudi nyuma. Msikamue kwanza kwa nguvu, mtamuumiza bure na uvimbe utazidi. Baada ya dakika chache weusi ukalainika, chuchu ikainuka, na ikatoka dang'a, yale maziwa ya mwanzo, nzito, ya njano. Tone moja likashuka kwenye gauni. Bi Tausi aliliona. Alinyoosha shingo kulitazama vizuri.

Tukamlaza Asia ubavu, mto nyuma ya mgongo, kitambaa kilichokunjwa mbele ya mshono ili miguu ya mtoto isiupige. Halafu nikamwambia Bi Tausi amchomoe mtoto kwa kidole kwenye pembe ya mdomo, upesi, na kumleta. Akamleta. Mtoto akagusa, akapoteza, akakasirika. Bi Tausi akamrudisha kwake, akampa ziwa lake kavu, akatulia. Tukajaribu tena. Akashika mara mbili, akaachia. Tukarudi mkekani. Ilikuwa kazi ya kubadilishana vituo, na wodi nzima imeinua vichwa vitandani inatazama kama ni mechi. Mara ya tatu nikamngoja afungue mdomo wote, mpana, nikamvuta kwa mabega akaingia. Kidevu kikazama. Kisha tukasikia kumeza.

Bi Tausi alikaa chini kwenye mkeka bila kujifunga vizuri. Mtoto akameza, akapumzika, akameza. Asia alikuwa analia tena na sasa hakujali mshono.

Nikaona ni wakati mzuri wa kutoa elimu, maana mimi ni nesi. Nikamweleza Bi Tausi kwamba kisu hukata tumbo, hakifiki kwenye matiti, mishipa ya maziwa haipiti huko kabisa, na kwamba kilichofungua maziwa ni mtoto kunyonya na kilichoyafunga ni mtoto kutonyonya. Niliieleza vizuri. Nilijisikia raha. Alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa polepole, halafu akauliza kwa Kiswahili, ili wodi yote isikie:

"Kwa hiyo kisu hakina kosa?"

Nikamwambia hakina.

"Na mwanangu hana kosa."

Hana.

"Na huyu mdogo je? Hakuukataa ukoo wake kwa kulikataa ziwa la mama yake?"

Nikasema hakuukataa.

"Basi ni nani aliyemweka mbali na mama yake siku mbili?"

Ningeweza kusema ni utaratibu. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Ningeweza kumtaja Sista Felista, aliyekuwa ameshastaafu na asingesikia. Wenzangu wawili walikuwa wamesimama kwenye pazia wamevaa sare kama yangu, na kila mmoja wao alikuwa amewahi kumfanyia hivyo mtoto wa mtu. Nikatazama nepi iliyokuwa pale pale pembeni ya kitanda tangu saa nne, kavu, imekunjwa mara nne. Nikamfikiria yule mama wa ndizi, ambaye hakuwahi kuniuliza.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikosea."

Nilidhani atanitukana, na Kiluguru kina matusi mazuri sana kwa ajili ya shughuli hiyo. Hakunitukana. Mtoto alikuwa ameachia ziwa mwenyewe, mdomo uko wazi, maziwa yanachuruzika shavuni. Bi Tausi akamwinua kutoka kwa Asia, akamfuta kwa pembe ya kanga, akasimama, magoti yakalia. Akanyoosha mikono yake yote miwili kuniletea mtoto.

"Nishikie mjukuu wangu," akasema. "Tangu jana nimebanwa na mkojo."

Nikampokea.